Mama Mkwe, Karani na Wanaume Wawili wa Jina Moja

Mwaka wa pili baada ya kuoa, mama mkwe alinikabidhi boksi la viatu lililojaa karatasi, akaniambia kwamba katika familia nzima mwenye subira ni mimi. Alitaka kujua kama kweli wao ni uzao wa abiria wa Mayflower, meli iliyowaleta walowezi wa Kiingereza Massachusetts mwaka 1620, kama marehemu mama yake alivyokuwa akisema. Mimi mtu wa Tanga, mhasibu, nilikuwa sijamaliza miaka mitatu Massachusetts. Mayflower niliyoijua ni jina lililoandikwa ubavuni mwa malori ya kuhamisha vyombo. Lakini mkwe hakataliwi.

Imepita miaka kumi na moja. Siku hizi watu wetu waliooa au kuolewa huku, na wanafunzi wanaopata vibarua katika maktaba na hifadhi za nyaraka, huniuliza waanzie wapi. Nawaandikia yale ambayo laiti ningeambiwa mapema, kabla sijapoteza miezi minane nikimfuata mtu asiye wetu.

Kwanza, usianzie melini. Kila mgeni wa kazi hii hukimbilia 1620. Meli ile ilibeba abiria 102, karibu nusu yao wakafa katika baridi ya kwanza, na waliosalia wamechunguzwa na watu wenye ujuzi kuliko mimi na wewe. Chama cha wazao wao, kilichoundwa 1897, kimechapisha vitabu vinavyofuata vizazi vitano vya mwanzo. Huko hakuna kazi yako. Kazi yako inaanzia kwa aliye hai: cheti cha kuzaliwa cha mama mkwe, kisha cha mama yake, kisha cha bibi yake, unarudi nyuma hatua kwa hatua, mjukuu, kitukuu, kilembwe, kining'ina, mpaka ukutane na vitabu vile njiani.

Na kwa kila hatua jiulize: karatasi gani inasema huyu ni mtoto wa yule? Karatasi inayosema kwamba mtu wa jina hili alikuwapo mahali hapa haitoshi.

Ndani ya boksi nilikuta pia nasaba iliyopigwa chapa, ina nembo ya simba na mikia miwili, inawafikisha kwa mabwana wa Uingereza bila kukwaa popote. Iweke pembeni. Mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na mtu mzaliwa wa Sweden aliyeishi New York, Gustave Anjou, aliyewatengenezea matajiri nasaba za kughushi kwa malipo, na baadhi ya kazi zake zinanakiliwa mpaka leo. Sisi wa pwani hatuhitaji kufundishwa hili. Tunajua kijiji ambacho kila nyumba asili yake ni Shirazi.

Watu hudhani ugumu uko kwenye miaka ya 1600. Sivyo, angalau kwa New England, yaani Massachusetts na majimbo jirani ya kaskazini-mashariki mwa Marekani. Makarani wa miji ya Massachusetts waliandika vizazi, ndoa na vifo tangu siku za mwanzo, na sehemu kubwa ya madaftari hayo imekwisha kuchapishwa mji kwa mji, kwa taarifa za mpaka mwaka 1850. Shimo lenyewe liko kati ya 1790 na 1850. Sensa ya kwanza ya taifa ni ya 1790, na tangu hapo hadi 1840 iliandika jina la mkuu wa kaya peke yake. Mkewe na watoto ni tarakimu tu kwenye safu. Majina ya watu huru wote yalianza 1850. Katika miaka hiyohiyo maelfu ya familia zilihama kwenda New York na Ohio kutafuta ardhi. Unamkuta mzee Ohio, umri 64, amezaliwa Massachusetts, basi. Massachusetts ipi? Mji gani? Hasemi.

Kilichonivusha shimo hilo ni mafaili ya pensheni ya vita vya uhuru wa Marekani. Bunge lilipitisha sheria za pensheni kwa askari wakongwe mwaka 1818 na tena 1832, na baadaye wajane nao wakaruhusiwa kudai. Mjane alitakiwa athibitishe ndoa yake. Asiyekuwa na cheti alichana ukurasa wa Biblia ya nyumbani, ule wenye majina ya watoto, akautuma serikalini. Kurasa hizo bado zipo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa. Nilipouona wa kwetu, wino umefifia na pembeni kuna alama ya pale ulipochanwa, nilimpigia mama mkwe simu usiku bila kuangalia saa.

Sasa ile miezi minane.

Katika mji tuliokuwa tukiufuata kulikuwa na wanaume wawili wa jina moja, mmoja ameandikwa "Senior" na mwingine "Junior". Baba na mwana, nani asingesema hivyo? Nikawaunganisha, nikajenga juu yao vizazi vitatu. Kumbe karani alikuwa anatofautisha umri tu, kama sisi tunavyosema Ali Mkubwa na Ali Mdogo wa mtaa mmoja, ambao pengine hawana hata undugu. Tena mkubwa akifa, mdogo hupanda cheo: aliyekuwa "Junior" mwaka 1710 anaweza kuwa ndiye "Senior" wa 1725. Jina ni lilelile na cheo kimehama, na wewe unamfuata marehemu.

Walioniokoa ni wake zao. Mwanamke aliyeolewa hakuweza kuuza ardhi kwa jina lake, lakini sheria ilimpa mjane haki ya kutumia theluthi moja ya ardhi ya mumewe maisha yake yote. Kwa hiyo mume akiuza shamba, mnunuzi mwenye akili alitaka mke naye aweke saini au alama ya kuachia haki hiyo. Nikasoma hati za ardhi za mji mzima kwa miaka ishirini. Mwaka mmoja, wanaume wawili wa jina moja, wake wawili wenye majina tofauti, mashamba mawili pande mbili za mto. Nikafuta vizazi vitatu.

Tangu hapo nina desturi. Nikikutana na jina linalojirudia, namfungulia kila mmoja karatasi yake: mke, shamba, majirani wa shamba, mashahidi wa hati zake, kazi, alama anayoweka kama hajui kuandika. Mashahidi hasa. Mtu haendi kwa karani na mpita njia. Huenda na shemeji, na jirani, na mjomba wa mkewe. Mara nyingi jina la ukoo wa mke, ambalo halikuandikwa popote, limejificha kwa shahidi wa pili.

Maneno ya undugu nayo yana mitego, ingawa hapa Mswahili ana nafuu kuliko Mmarekani wa leo. Katika Kiingereza cha wakati ule "cousin" aweza kuwa mpwa, "son-in-law" aweza kuwa mtoto wa kambo, na "brother" aweza kuwa shemeji au muumini mwenzake wa kanisa. Mtu aliyekua akiwaita ndugu nusu ya wilaya hashangai. "Infant" si mtoto mchanga, ni yeyote aliye chini ya miaka 21. Na "orphan" ni aliyefiwa na baba hata kama mama yuko jikoni anapika, sawasawa na yatima tuliyefundishwa madrasa. Nilipomweleza mama mkwe hivyo aliona nimefanya ugunduzi mkubwa. Sikumkatalia.

Tarehe zitakuvuruga mpaka uzizoee. Hadi 1752 Waingereza na makoloni yao walianza mwaka tarehe 25 Machi. Kwa hiyo ukikuta ndoa ya Aprili 1701 na mtoto wa Februari 1701, usimsingizie bibi wa watu. Februari ile ilikuja miezi kumi baada ya ndoa. Makarani waangalifu waliandika miaka miwili, 1701/02, nawe nakili hivyohivyo. Kisha mwaka 1752 wakahamia kalenda mpya: Jumatano tarehe 2 Septemba ikafuatwa na Alhamisi tarehe 14. George Washington alizaliwa 11 Februari 1731 kwa hesabu ya zamani, na ndiyo hiyo hiyo 22 Februari 1732 ya leo. Wakweka, Wakristo wa dhehebu la Quaker, ambao hawakutaka majina ya miezi yenye miungu ya kipagani, waliandika kwa namba, na mwezi wao wa kwanza ulikuwa Machi. Sisi tunaosema saa moja wakati saa ya ukutani inaonyesha saba tunaelewa haraka kuliko wengi.

Ila kalenda haiokoi kila mtu. Siku moja nilikuwa maktaba na mama mkwe ubavuni tukisoma kitabu cha kanisa, tukamkuta babu yake na mkewe wamesimama mbele ya waumini kuungama, kwa sababu mtoto amekuja miezi mitano baada ya harusi. Makanisa mengi ya New England yaliandika maungamo hayo bila kificho. Mimi na mkwe wangu, jambo kama hilo, kwa sauti! Nikajifanya mwandiko haunisomekei. Akavaa miwani yake, akasoma mwenyewe, akacheka mpaka mtunza maktaba akaja kutuangalia.

Kuhusu mwandiko sitasema mengi. Kaa na karani mmoja mpaka umzoee, chora herufi zake kwenye karatasi yako kutoka kwenye maneno unayoyajua, kama majina ya miezi. "Ye" husomwa "the", S ndefu inafanana na F, na F mbili mwanzoni mwa jina ni F kubwa tu. Nakili kama ilivyo, makosa yake yaache. Siku hizi FamilySearch, tovuti ya kutafuta nasaba ambayo ni bure, ina mashine inayosoma mwandiko wa hati na wosia na kukuwezesha kutafuta neno ndani yake. Imenipunguzia kazi ya miaka. Lakini ikupe ukurasa tu, kusoma soma mwenyewe.

Mipaka pia ilihama wakati watu wamekaa palepale. Kaunti ya Worcester iliundwa 1731, hivyo wosia wa mtu wa huko aliyekufa 1725 utautafuta katika kaunti za Middlesex, Suffolk au Hampshire. Maine ilikuwa sehemu ya Massachusetts hadi 1820. Na ukienda Virginia, sahau miji. Huko ni kaunti na parokia, na kaunti kadhaa zilizopeleka madaftari yao Richmond yawe salama wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe ziliyapoteza katika moto wa Aprili 1865. Kwa upande mwingine, ukibahatika kuwa na Waholanzi wa New York, furahi. Jan Pietersen ni Jan bin Pieter, mwanawe ataitwa Pieter Jansen, na mke anaandikwa kwa jina la kwao hata baada ya kuolewa. Hao niliwasoma kama ninasoma majina ya mtaani kwetu.

Nimeacha jambo moja nyuma kwa makusudi.

Mtu akifa, majirani watatu waliteuliwa kupita nyumbani kwake na kuorodhesha mali, chumba kwa chumba, kila kitu na bei yake. Orodha hizi ni tamu. Utajua marehemu alikuwa na vitabu vingapi, na godoro la manyoya lilizidi ng'ombe kwa bei. Katika orodha ya babu mmoja wa mke wangu, mtu wa heshima kanisani, kati ya saa ya ukutani na jozi ya maksai, kulikuwa na mwanamke mweusi. Jina moja tu, na pauni.

Nilikuwa najua kwamba sheria ya Massachusetts ilitambua utumwa tangu 1641, na kwamba mahakama ndizo zilizouvunja nguvu mwaka 1783. Kujua ni kitu kimoja. Niliufunga ukurasa, nikaenda nje nikakaa garini. Jioni nikampa mama mkwe nakala bila kusema neno. Aliisoma, akaiweka mezani, akaniuliza: "Na yeye umemfungulia karatasi?"

Sikuwa nimemfungulia. Nikamfungulia. Atakayekutana na jambo hili, na utakutana nalo, asidhani watu wa kaskazini hawakuwa na watumwa: usipite. Tazama wosia wenyewe, maana mara nyingine unasema aliyerithishwa. Fuata orodha ya mrithi huyo akifa. Tazama kitabu cha kanisa, kwa sababu baadhi yao walibatizwa na kuolewa humo, karani akiandika "mtumishi wa" fulani. Tazama hesabu za mji za kuwalisha maskini, na notisi ambazo miji ilizitoa kuwaonya wageni waondoke ili isiwajibike kuwatunza. Notisi hizo hutaja mtu alikotoka.

Maombi ya mama mkwe kujiunga na chama cha wazao wa Mayflower yalikubaliwa mwaka wa sita, na cheti kiko ukutani kwake. Karatasi ya yule mwanamke ina mistari minne mpaka sasa: orodha, wosia, ubatizo, na mtoto wa kiume aliyebatizwa miaka miwili baadaye. Jumamosi tunakwenda kwa karani wa mji kuangalia daftari la maskini. Mama mkwe ameshasema ataendesha yeye.