Kabla Hujanunua Kebo za XLR, Soma Yaliyonipata

Msomaji mmoja ameniandikia: "Kaka, amplifaya yangu mpya ina matundu ya RCA na ya XLR. Nichomeke wapi?" (RCA ni ile plagi ndogo ya kawaida yenye pini moja katikati; XLR ni ile nene yenye pini tatu.) Nilicheka peke yangu, halafu nikaumia kidogo, maana swali hilohilo liliwahi kunikausha mfuko.

Mfumo wangu ulikuwa unavuma. Si sana, ila usiku wimbo ukitulia unausikia ule "mmmm" wa umeme kwenye spika zote mbili. Nilishasoma kwamba XLR inaua kelele, nikanunua jozi ya mita moja kwa bei ambayo mpaka leo sijaitaja nyumbani. Kuchomeka tu, lo! Besi imejaa, mwimbaji kasogea mbele. Nikamwita shemeji aje asikie, mimi kifua mbele. Akasikiliza, akarudisha RCA, akapandisha volyumu kidogo. Tukarudia mara tatu. Tofauti ikayeyuka.

Kumbe mashine yangu ya kuchezea muziki inatoa volti 2 kwenye RCA na volti 4 kwenye XLR, yaani desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 6 zaidi. Sikio likipewa sauti kubwa kidogo huiita nzuri. Nilikuwa nimenunua volyumu!

Na mvumo ulikuwa palepale. Shemeji akauliza, "Hii televisheni nayo umeiunganisha kwenye amplifaya?" Akapita nyuma, akachomoa waya wa antena. Kimya. Ethi (njia ya umeme kwenda ardhini) ya antena na ethi ya umeme zilikuwa zimefanya mzunguko kupitia kebo ya televisheni, ambayo mimi wala sikuifikiria. Kifaa kidogo cha kutenganisha ethi kwenye waya wa antena kikamaliza kazi. Jamani, tafuteni ugonjwa kwanza ndipo mnunue dawa. Chomoa kifaa kimoja kimoja usikilize. Hiyo haina gharama.

Sisemi XLR ni utapeli. Baadaye nilihamishia spika zenye amplifaya ndani upande wa pili wa chumba, mita 8, kebo ikipita ubavuni mwa nyaya za umeme. RCA ikavuma, XLR ikanyamaza. Ndani ya XLR, pini ya 2 inabeba sauti, ya 3 inabeba sauti ileile iliyogeuzwa, na ya 1 ni ethi. Kelele ya njiani inaziingia zile mbili karibu sawasawa, na kifaa kinachopokea kinachukua tofauti yao tu. Kelele zinafutana, muziki unabaki. RCA haina ujanja huo: wavu wa waya unaoikinga kebo dhidi ya kelele ndio huohuo njia ya sauti kurudi.

Kwa hiyo, kaka, kama vifaa vyako vimekaa rafu moja na kebo haizidi mita mbili, RCA yenye plagi zinazobana inakutosha. Masafa yakirefuka, nenda XLR. Ila soma kwanza kijitabu cha mashine: kuna amplifaya zina tundu la XLR la urembo, ndani linaishia kwenye sakiti ileile ya RCA. Na ukilinganisha, sawazisha volyumu. Narudia, sawazisha volyumu, usije ukaaibika mbele ya wakwe kama mimi.

Zile kebo zangu za mita moja hazikufika popote siku ya kuhamisha spika. Nilinunua nyingine. Hilo shemeji hajui.