Taa ya kulanti ikiwaka usikimbilie kununua sensa

Wadogo zangu mnaoanza gereji, leo niwaambie kuhusu sensa inayopima kiwango cha kulanti, yaani kile kimiminika cha kupoza injini, wengine tunaiita tu sensa ya maji, maana naona vijana wengi wanaibadilisha kwa kubahatisha alafu mteja anarudi kesho yake taa bado inawaka na hela yake ishaenda.

Kwanza jua kama gari inayo kweli. Hizi IST na Vitz zilizojaa mjini nyingi hazina, zile taa zake za bluu na nyekundu ni za joto la injini, na sensa ya joto ni kitu kingine kabisa, inafungwa kwenye injini yenyewe sehemu kulanti inapopita. Mteja akikwambia "taa ya maji inawaka" nenda ukaione mwenyewe kwenye dashibodi, usichukue maneno yake ukakimbilia maduka ya Gerezani hapa Dar kutafuta spea.

Sensa ya kiwango utaikuta sana kwenye BMW, Volkswagen, Mercedes na Land Rover, na ukitaka kuipata usianze kuzunguka injini nzima. Tafuta tenki la akiba la kulanti, lile la plastiki, alafu pitisha mkono chini yake na ubavuni mpaka ukutane na waya zenye plagi, hapo ndo penyewe. BMW E46, lile toleo la 3 Series, iko chini ya tenki pembeni ya rejeta, unaizungusha kidogo inatoka. Golf nyingi ni pini mbili zilizojengwa humohumo kwenye tenki, kwahiyo ikifa unanunua tenki zima, mwambie mteja mapema asije akadhani umempiga.

Sasa hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Taa ikiwaka mara nyingi inasema kweli, kulanti imepungua! Acha injini ipoe kabisa, usifungue kifuniko ya moto hata kama mteja ana haraka na foleni inamsubiri, ile presha inarusha maji yanayochemka usoni. Ikishapoa angalia kiwango, kikiwa chini tafuta inapovuja, angalia tenki lenyewe maana plastiki ikizeeka inapata ufa, hosi, rejeta, pampu ya maji, kifuniko, mpaka chini ya kapeti ya abiria wa mbele. Ukiona ukoko mkavu mweupe au wenye rangi ya kulanti hapo ndo pamepita. Nishawahi kupokea gari ya mama mmoja imechemsha mpaka hedi, yaani kichwa cha injini, imepinda, kufungua nakuta waya za sensa zimeunganishwa pamoja na kuzungushiwa tepu ili taa izime. Fundi aliyefanya vile alimzimia yule mama kitu pekee kilichokuwa kinamuonya, na mama akawa anaendesha kwa amani siku zote zile huku maji yanaisha. Iliniuma sana, na mpaka leo kijana akinionyesha hiyo njia ya mkato simuachi aguse gari ya mtu.

Kiwango kikiwa sawa na taa inawaka, ndo unapima. Chomoa plagi, angalia ndani kama kuna kutu au ukijani, safisha. Kwa zile za boya, yaani zenye kielea kinachopanda na kushuka na kulanti kama ya E46, chukua multimita, kile kipimo cha umeme, pima kwenye sensa tenki likiwa limejaa alafu pima likiwa limepunguzwa. Usikariri kwamba ikijaa lazima isome au isisome maana gari zinatofautiana, unachotaka ni isomeke tofauti. Isipobadilika inaweza kuwa sensa imekufa, au boya limenasa kwenye tope, na kwa E46 boya liko ndani ya tenki so sensa mpya haitakusaidia kitu hapo. Hilo tope linatokana sana na kuchanganya kulanti za aina tofauti, na kuna gari nimefungua ndani kama uji. Zile za pini mbili zenyewe zinategemea umeme kupita kwenye kulanti, kwahiyo mtu akijaza maji matupu yaliyochujwa yale ya betri inaweza kudanganya.

Kubadilisha sasa ni rahisi. Punguza kulanti kwanza, weka beseni chini, na usiiache uani maana ni sumu na ina utamu, mtoto au mbwa anaweza kuinywa. Toa sensa, weka mpya na oringi mpya, ule mpira wa duara wa kuzuia kuvuja, ipake kulanti kidogo iteleze, usiikaze kwa nguvu plastiki itapasuka. Jaza kulanti ya aina inayotakiwa, nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa, maana sisi tuko usawa wa bahari maji matupu yanachemka nyuzi 100 wakati mchanganyiko huo unavumilia mpaka kama 106, na presha ya kifuniko inaongeza zaidi.

Toa hewa. Hapa Dar nani anawasha hita, kwahiyo vijana wanaisahau, ila kwenye gari nyingi lazima uiweke kwenye joto la mwisho ili kulanti izunguke kote, na kama kuna skrubu ya kutolea hewa ilegeze mpaka mapovu yaishe.

Mwambie mteja arudi asubuhi ya kesho yake kabla injini haijapata moto, mpime kiwango pamoja, na sensa ya zamani mpe mkononi aione.