Tundu Limeziba, Mkojo Je?

Wiki hii nimepitia mafaili matatu ya wodi yetu ya fistula (tundu kati ya kibofu na uke linalovujisha mkojo), na yote yana neno "amepona" lililoandikwa siku ileile mpira wa mkojo ulipotolewa. Madaktari tarajali wangu, nawapenda, lakini kalamu zenu zina haraka kuliko vibofu vya wagonjwa.

1. Kipimo cha dawa ya bluu, inayotiwa kibofuni huku vitambaa vikiwa ukeni kuona kama vitatiwa rangi, huonyesha kwamba tundu limeziba. Hakionyeshi kwamba mama anaweza kuzuia mkojo. Nilikosea hapo kabla yenu. Mama mmoja, ambaye fistula yake ilikuwa imekula hadi kwenye mrija wa kutolea mkojo, aliniambia asubuhi ya kuruhusiwa: "Daktari, nikisimama bado nalowa." Vitambaa vya kipimo vilikuwa vimetoka vyeupe, na chumba cha upasuaji kilikuwa kinanisubiri, nikamjibu kwamba hayo ni maudhi ya mpira tu, nikaandika "amekauka" na kulipigia mstari kwa majivuno. Alirudi baada ya miaka minne, tena akimsindikiza mdogo wake, na nikamkuta ameketi juu ya khanga iliyokunjwa mara nne. Nilipomuuliza kwa nini hakuja mapema, alinijibu kwa upole kwamba mimi ndiye niliyesema amepona, kwa hiyo alidhani kinachobaki ni uzembe wake. Nilimpima akikohoa: mshono ulikuwa imara, mlango wa kibofu ndio uliolegea.

2. Ulizeni kama mama huvuja akikohoa, akiinua ndoo na usiku, kimoja kimoja. Agizo la kujifungua kwa upasuaji mimba ijayo liandikwe kwenye kadi anayoondoka nayo, maana faili halisafiri.

3. Msiahidi kwamba upasuaji wa pili, ule wa kuzuia uvujaji unaobaki, utamaliza yote. Marekani, wanawake 655 waliokuwa wakivujwa na mkojo wakikohoa waligawanywa kati ya upasuaji wa Burch (kuinua shingo ya kibofu kwa nyuzi) na ule wa mkanda wa utando wa misuli unaoshikilia mrija wa mkojo. Matokeo ya 2007 yaliupa mkanda ushindi, lakini kufikia miaka 5 waliobaki wakavu walikuwa takriban asilimia 31 kwa mkanda na 24 kwa Burch. Hata hivyo, walioridhika walikuwa asilimia 83 na 73, jambo linalonifanya niamini kwamba mama huvumilia tone kuliko uongo.

Yule mama nilimpasua tena. Akipiga chafya bado huvuja kidogo, na safari hii faili lake linasema hivyo.