Wadogo Zangu wa Kompyuta za Zamani, Wekeni Chini Hiyo Adapta

Naandika haya nikiwa na hasira kidogo, mnisamehe mapema. Nimeletewa tena Spectrum, ile kompyuta ndogo ya Uingereza, iliyounguzwa na adapta ya Kariakoo. Kabla hiyo haijapoa, ikaja kompyuta nyingine, Amiga, iliyooshwa kwa maji ya bomba na kuwashwa ingali mbichi. Halafu kijana mmoja ninayempenda sana akanishushia Commodore 64 ndani ya kiroba cha unga, unga ukiwa bado umo, akasema, "Kaka, imezingua yenyewe." Mdogo wangu, mashine iliyokaa salama miaka arobaini haizingui yenyewe dakika ile ile ulipoichomeka wewe.

Sitaeleza PAL ni nini wala sitawafundisha kuandika LOAD. Hayo mnayajua, pengine kunizidi. Nasema yale ambayo mnayajua na bado hamyafanyi.

1. Pima kabla hujachomeka. Spectrum inataka volti 9, katikati ya plagi kukiwa hasi. Adapta karibu zote za mtaani ni katikati chanya. Ukigeuza, inatangulia transista TR4, na mara nyingi inaondoka na RAM ya chini, yaani zile chipu za kumbukumbu za 4116. Hiyo "lakini plagi iliingia vizuri" mnayoniambia kila siku haijawahi kuokoa transista.

Kwa Commodore 64 mambo ni magumu zaidi, kwa sababu lile tofali lake la umeme mnaliamini. Limekuja na mashine, lina nembo, basi mnaona ni salama. Ndani yake regulata, kile kidhibiti cha volti, imezamishwa kwenye gundi iliyoganda, joto halina pa kutokea, na hapa kwetu hata hewa ya kulipoza ni ya moto. Regulata ikichoka, siyo lazima izime; inaweza kuanza kupandisha. Volti 5 inapanda, chipu za RAM zinaungua, na taa nyekundu inaendelea kuwaka kama kawaida. Mita ya bei rahisi kuliko zote inatosha. Kwenye tofali la aina hiyo, neno "orijino" lichukulieni kama onyo.

2. Amiga 500 yenye ile kadi ya kuongezea RAM tumboni: ifungue leo, kata betri, maana inavuja na kula ubao, pitisha siki palipovujiwa, malizia na spiriti.

3. Weupe wa plastiki. Najua picha za mashine nyeupe pee zinawatesa roho. Umanjano unatokana na kemikali za bromini zilizowekwa ili plastiki isishike moto, na ndiyo, peroksaidi ya saluni na jua vinaurudisha weupe. Ila hizo video mnazotazama wanarekodi watu wa Ulaya, ambao jua lao ni la kubembeleza. Kuna mtu hapa Tabata alipaka dawa, akafunga nailoni, akaanika kasha juu ya bati saa sita mchana kama dagaa. Lilirudi na mabaka, na mgongo umepinda kiasi kwamba kibodi haikai tena. Anika asubuhi, kivulini kukiwa na mwanga, na dawa isikaukie. Mimi zangu nimeziacha na umanjano wake, na zinachapa kazi vilevile.

4. TV. Tafuteni chogo, ile TV nene ya zamani, na mkilipata msilitupe. Halafu acheni kunieleza kwamba chogo halifai "kwa sababu analojia ilishazimwa." Kilichozimwa Dar mwisho wa mwaka 2012 ni mitambo ya kurushia matangazo, masikio ya TV yako hakuna aliyeyagusa. Spectrum inarusha yenyewe, kwa waya, chaneli 36 ya UHF. Ni kituo cha televisheni chenye mtazamaji mmoja. Tyuni polepole utakipata.

Na ile bunduki ya gemu ya kulenga bata haitafanya kazi kwenye flati, hata ubadilishe waya mara ngapi. Inategemea jinsi chogo linavyochora picha, mstari baada ya mstari, kwa wakati wake maalumu, na flati haichori hivyo. Tukiwa hapo hapo: mashine uliyochezea utotoni, yenye kaseti iliyoandikwa michezo 999999 kwa moja, haikuwa Nintendo. Ifungue. Ukikuta tone jeusi la gundi badala ya chipu, basi ni nakala ya Famicom, ile Nintendo halisi ya Japani ya 1983 yenye kaseti za pini 60. Hakuna aibu. Michezo ilikuwa michache ikajirudia kwa majina tofauti, na sisi tukaicheza yote tukiapa kwamba kiwango cha 40,000 ni kigumu kuliko cha kwanza.

5. Kaseti. Hapa ndipo mnaponitia wasiwasi wa kweli, maana mnachokifanya ninyi nilishakifanya mimi.

Kuna mama mmoja wa Upanga aliniita wakati anahama, nikachukue "takataka za umeme" za mwanawe aliyehamia Kanada zamani. Sanduku la bati. Ndani, Spectrum ya 48K yenye vitufe vya mpira, redio kaseti, michezo ya dukani kutoka Uingereza, na kaseti moja ya muziki ambayo lebo yake ilikuwa imekwanguliwa na juu yake pameandikwa kwa kalamu ya wino: BAO YANGU.

Mtoto wa Upanga, miaka ya themanini, alikaa na BASIC, lugha ya kuandikia programu, akatengeneza mchezo wa bao.

Pimeni uzito wa jambo hilo. Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na hata katazo lilipolegea, hazikuwa bidhaa ya kuikuta dukani. Bara hatukuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994. Wakati Spectrum inauzwa Uingereza kuanzia 1982, hapa ilifika ndani ya begi la mjomba, katikati ya sabuni na suruali. Ile michezo ya dukani iliyokuwa sandukuni imeshahifadhiwa duniani kote, unaipata kabla chai haijapoa. BAO YANGU ilikuwa moja tu. Hapakuwa na ya pili popote.

Fundi mwenye akili angesafisha njia ya mkanda, angebadilisha mpira wa redio, angeunganisha laptop na kurekodi pande zote mbili kuanzia mwanzo hadi mwisho, akahifadhi mahali pawili, ndipo afikirie kuucheza. Mimi niliita watu. Palikuwa na supu, palikuwa na soda, chogo limewekwa sebuleni juu ya meza ya kulia. Nilitaka wauone mchezo ukiingia kwa njia yake ya asili, na milia yake na makelele yake. Redio nikatumia ile ile ya sandukuni, kwa hoja kwamba vitu vilivyokaa pamoja miaka yote hiyo lazima vinaelewana. Hoja hiyo niliitamka kwa sauti, mbele ya mashahidi.

J, kisha Symbol Shift na P mara mbili, Enter: ndiyo amri ya LOAD, ya kupakia kutoka kwenye kaseti. Nikabonyeza Play. Ile filimbi ndefu ikatoka, kingo za skrini zikajaa milia myekundu na ya samawati, nikageuka kuwatazama wenzangu kama bwana harusi. Skrini ikaandika: Program: bao yangu. Kwa herufi ndogo. Watu wakapiga makofi. Filimbi ya pili ikaanza, milia ikageuka bluu na njano, data inaingia. Halafu sauti ikaanza kulegea. Ikashuka, ikanyong'onyea, ikakwaruza, na chini ya skrini ukatokea ule mstari mnaoujua: R Tape loading error.

Nilipofungua kifuniko nilikuta roli ya mpira imegeuka lami. Mkanda umejizungusha juu yake, na ile rangi ya kahawia, ambayo ndiyo yenye sauti, imebanduka na kubaki kwenye roli. Kufikia hapo bado kulikuwa na nafasi: kuzima, kung'oa roli nzima na mkanda wake, kwenda taratibu kwa spiriti na kijiti cha pamba. Nikavuta. Kwa vidole vyenye mafuta ya supu, nikavuta, na mkanda ukanyooka kama uzi.

Baadaye nilikata kipande kilichokufa, nikaunga, nikarekodi kwenye laptop kama nilivyotakiwa kufanya tangu mwanzo. Jina likatoka safi. Kwenye data yenyewe tukaokoa mistari ya mwanzo peke yake: REM, yaani maelezo, yenye jina la yule kijana, DIM m(32) ya kutenga nafasi za mashimo yake, LET kete=64, na PRINT inayoandika kwenye skrini swali la nani anaanza. Baada ya hapo ni takataka. Mashimo 32, kete 64. Hakurahisisha, alikuwa anatengeneza bao lenyewe, la kiswahili. Namna alivyoifundisha mashine namua na mtaji, zile hatua mbili za bao, ndani ya KB 48 ilibaki kwenye ule mpira uliooza.

Nilikwenda kumwambia mama yake. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Si ulisema wewe ni fundi?" Hakuuliza kwa ubaya, na ndiyo maana sijalisahau.

Kwa hiyo nikimwona mmoja wenu anachomeka kaseti ya mtu kwenye redio aliyoiokota jana Mchikichini, ati "tujaribu tuone," naomba mnielewe nikipandisha sauti. Rekodi kwanza, kwa faili la sauti la WAV, pande zote mbili. Mpira na roli badilisha hata kama vinaonekana vizima. Vunja vile vikato viwili mgongoni mwa kaseti, maana siku moja mtu atabonyeza Record. Sauti ikiwa imeziba, geuza kiskurubu cha kichwa kidogo kidogo mpaka itoboe. Na ukitaka kukaza mkanda, kalamu ya Bic bado haijapata mpinzani.

6. Ukungu. Hewa ya Dar haina huruma na diski za floppy. Kabla hujaingiza diski yoyote, sogeza kile kibati, zungusha kitovu, itazame kwenye mwanga. Ukiona madoa meupe, usiiingize: itachafua kichwa, na kichwa kitakwangua diski inayofuata, na ile inayofuata. Zile pakiti ndogo kutoka kwenye maboksi ya viatu msizitupe, ziwekeni pamoja na diski kwenye chombo chenye mfuniko. Walio Kigamboni na Mbezi Beach, ninyi mna chumvi juu ya ukungu, futeni miguu ya shaba ya kaseti za gemu kwa spiriti kila mnapozitoa kabatini.

7. PlayStation ya kwanza kuipindua chini juu. Sote tuliokulia kwenye vibanda vya gemu tuliona, na yule kijana wa kibanda tulidhani ana elimu ya siri. Kwenye matoleo ya mwanzo, reli ya plastiki inayobeba lenzi inalika, lenzi inainama, na ukipindua mashine inarudi karibu na mahali pake. Inafanya kazi, ndiyo, kwa muda, kama ilivyofanya wakati tunalipia mechi za Winning Eleven na pedi moja haikati kulia. Lakini wewe ni mtu mzima sasa, una bisibisi. Rekebisha reli.

8. Bei. Sijui kwa nini ndilo swali la kwanza kwa kila mgeni, "hii naweza kuiuza ngapi?" Huwezi kuiuza ngapi. Hapa mjini wanunuzi ni sisi sisi, na wote tuna madeni.

Kama mnataka kutafuta kitu cha maana, nyumba za zamani za Upanga, Kisutu na Oysterbay zinaendelea kubomolewa kupisha maghorofa, na masanduku yanatoka nje. Wakikuuliza unataka nini, waache wakupe hiyo Commodore kama wanataka, lakini uliza kuhusu kaseti na diski zilizoandikwa kwa mkono. Waulize walimu wastaafu, waulize watu wa misheni, muulize mjomba yeyote anayesema "mimi nilikuwa na kompyuta enzi hizo" na mkamcheka. Ukipata, usibonyeze kitu chochote. Nipigie hata saa nane usiku, nitapokea. Ila nikisikia nyuma yako filimbi ya Spectrum inalia, nakata simu na kupanda boda, na supu usinikaribishe.