Nywila za Wageni Si Zako Kuzisoma

Mgeni alishuka gatini Lamu asubuhi, kavuka kutoka uwanja wa ndege wa Manda, mfuko begani na risiti ya benki mkononi. Alikuwa amelipia siku sita kwenye nyumba ya mama mmoja wa hapa Mkomani anayepangisha vyumba vya juu. Mama hakuwa na habari ya malipo hayo. Barua iliyompa mgeni namba ya akaunti ilitoka kwenye anwani ya barua pepe ya mama mwenyewe, ikiendeleza mazungumzo yao palepale walipoyaachia. Kilichobadilika ni akaunti tu.

Tovuti ya nyumba ile niliitengeneza mimi. Naandika haya kwa sababu vijana wengi wa Lamu na Malindi sasa wanatengenezea watu tovuti za nyumba za wageni na safari za mashua, na nikiangalia kazi zao naona kosa langu lile lile.

Wiki chache kabla ya mgeni kufika nilihamisha tovuti kutoka seva moja hadi nyingine. Nilitoa hifadhidata yote, yaani ghala la taarifa za tovuti, kwenye faili moja, nikaliita backup.sql, nikaliweka kwenye folda ya wazi, ile ambayo yeyote mwenye intaneti anaweza kuifikia, ili nilipakue upesi upande wa pili. Kazi ikaisha, faili likabaki. Usidhani mwizi ni lazima akujue ndipo akuibie. Kuna programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana, zinabisha hodi kwenye kila tovuti na kuulizia majina yale yale: backup.sql, .env, config.php.bak. Nilipofungua kumbukumbu za seva nililiona ombi lenyewe, mstari mmoja, na ndani yake namba 200, yaani seva imekubali na kutoa.

Ndani ya faili, safu ya nywila ilisomeka kama orodha ya duka. Ya mama ilikuwa jina la mjukuu wake na mwaka aliozaliwa, na ndiyo hiyo hiyo aliyofungulia barua pepe.

Nilikwenda kumweleza. Tuliketi dakani kwake, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mwanangu, kwani siku zote hizi wewe waweza kuisoma nywila yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Na ulikuwa na haja gani nayo?"

Sikuwa na haja nayo hata kidogo. Seva haihitaji kuijua nywila ya mtu. Inahitaji tu kuhakikisha kwamba aliyoiandika leo ndiyo aliyoiandika siku ya kujisajili. Kwa hiyo nywila hupitishwa kwenye hesabu ya njia moja, ile wanayoiita hashi, na kinachohifadhiwa ni matokeo. Nazi ikishakunwa hairudi kifuuni. Mtu akija kuingia, unaikuna aliyoileta na kulinganisha machicha.

Hapo tena niliteleza. Usiku ule nilibadilisha nywila zote kuwa MD5, aina ya zamani ya hashi, nikalala nikijua nimemaliza. Asubuhi nikajaribu: 123456 kwa MD5 ni e10adc3949ba59abbe56e057f20f883e. Bandika mfuatano huo kwenye injini ya utafutaji uone kama hukupata jibu mara moja. Kila aliyechagua 123456 duniani anatoa herufi hizo hizo, kwa hiyo watu walikwisha kuandaa orodha. LinkedIn ilipodukuliwa mwaka 2012, nywila zake zilikuwa za SHA-1, hashi nyingine ya zamani, bila chumvi, na nyingi zilifumbuliwa kwa muda mfupi. Kampuni ya RockYou, iliyodukuliwa mwaka 2009, walikuwa wameziacha wazi kabisa, zaidi ya milioni 32, na mpaka leo orodha ile ndiyo wadukuzi wanaanzia wakitaka kubahatisha.

Chumvi ni mfuatano wa nasibu unaochanganywa na nywila ya kila mtu kabla ya hesabu, ili wawili wenye nywila moja wasitoe matokeo sawa. Haitoshi peke yake, kwa kuwa MD5 na SHA-1 ni za haraka mno. Mashine ya leo inajaribu mabilioni kwa sekunde. Tumia hashi ya bcrypt, iliyotolewa mwaka 1999 na kuundwa makusudi iwe nzito, au Argon2, iliyoshinda shindano la hashi za nywila mwaka 2015. Katika bcrypt, kila ukiongeza moja kwenye kiwango cha uzito, kazi inakuwa maradufu. Kwa sisi tunaoandika tovuti kwa lugha ya PHP, password_hash na password_verify zimo ndani ya lugha tangu toleo la 5.5, na chumvi zinajiwekea zenyewe. Angalia upana wa safu yako tu: bcrypt inatoa herufi 60, na ukiacha safu ya 50 inaweza kukatwa mwishoni na hakuna hata mmoja atakayeingia. Weka 255.

Zile MD5 za zamani sikungoja wenyewe waje. Nilizipitisha kwenye bcrypt juu kwa juu, kisha mtu akiingia, ninaikokotoa upya kutoka nywila yenyewe.

Kuna nywila za tovuti pia, ya hifadhidata na funguo za kuunganisha M-Pesa. Ziweke nje ya folda ya wazi. Ukizipeleka GitHub, mahali watengenezaji wanapohifadhi kodi zao, kwa bahati mbaya, kufuta faili hakusaidii, historia inabaki nalo. Badilisha funguo siku hiyo hiyo. Na HTTPS, inayoficha mawasiliano kati ya mgeni na tovuti, ni bure kwa Let's Encrypt, sioni kisingizio.

Wewe mwenye nyumba usiyejua programu, bonyeza "nimesahau nywila" kwenye tovuti yako. Ukitumiwa nywila ile ile uliyoichagua, mpigie simu aliyekutengenezea leo. Kinachotakiwa kuja ni kiungo cha kuweka mpya, cha matumizi ya mara moja, chenye muda wa kuisha.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka uvujaji unaoweza kudhuru watu uripotiwe kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ujulikane, na wenye data waelezwe. Mimi na mama tuliwaandikia wageni wote, mmoja mmoja, kutoka kwenye anwani yake iliyokwisha badilishwa nywila na kuwekewa uthibitisho wa hatua mbili. Mgeni wa risiti alilala siku zake sita; gharama tuligawana mimi na mama. Kati ya waliojibu barua, watatu walisema nywila waliyotumia kwetu ndiyo iliyokuwa ya barua pepe zao, na usiku ule ule wameibadilisha.