Samaki wangu mandarini hataki kula: nifuge nini nimlishe?

SWALI: Shikamoo mzee. Nina samaki mandarini mmoja kwenye tangi la maji ya chumvi la lita 120, huu ni mwezi wake wa pili. Vidonge hataki. Chakula cha kugandishwa anakitazama kikimpita kama hakimhusu. Tumbo limeanza kubonyea. Niliangua artemia, vile vijikamba vidogo vya maji ya chumvi, kwenye jagi. Siku ya kwanza aliwadonoa vizuri, siku ya tatu waliobaki wote wakafa na maji yakanuka. Nimeambiwa nifuge kopepodi. Ni kitu gani hasa, na naanzia wapi?

JIBU: Marahaba. Kwanza nimtetee samaki wako: hana madeko. Kaa mbele ya tangi robo saa, simu weka mbali, umtazame. Anasimama juu ya jiwe, anainamisha kichwa, anadonoa. Anasogea kidogo, anachungulia ufa, anadonoa tena. Ndivyo anavyokula kutwa nzima, kidudu kimoja kimoja, na utumbo wake mfupi umezoea hivyo. Mlo mmoja mkubwa wa asubuhi haumfai hata angeukubali. Hivyo vidudu anavyovitafuta kwenye mawe ndio kopepodi, ndugu wadogo wa kamba na kaa. Wengi wao ni milimita moja au chini ya hapo. Kwenye tangi lako aliwakuta, akawala, akawamaliza kabla hawajazaana vya kutosha.

Artemia wako hawakufa kwa bahati mbaya. Mtoto wa artemia anaanguliwa na kiini chake mwilini, na kiini hicho ndicho chenye lishe. Saa zinavyokwenda anakitumia yeye mwenyewe, na ukichelewa mpaka kesho yake unampa samaki kidudu kilichopungukiwa lishe. Akishajivua ngozi mara ya kwanza ndipo anaanza kula, na kwenye jagi lako hapakuwa na cha kula. Kwa hiyo angua mayai kidogo kila siku, acha kuangua kijiko kizima kwa mpigo. Chumvi gramu 25 hadi 35 kwa lita, joto nyuzi 26 hadi 28, hewa ya nguvu, taa iwake. Ndani ya saa 24 hadi 36 wako tayari. Zima hewa, subiri dakika kumi. Maganda yanapanda juu, watoto wanabaki chini. Ukimulika tochi pembeni wanaikimbilia, nawe unawanyonya kwa mpira mwembamba. Maganda yasiingie tangini. Hawa watamvusha samaki wako wiki hizi za njaa wakati kopepodi wanazaana.

Sasa kopepodi. Mimi nafuga aina mbili. Tisbe ni wadogo, wanatambaa kwenye kuta na sakafu ya ndoo, na ukiwatia tangini wanajificha kwenye mawe na kuzaana humo humo. Tigriopus ni wakubwa zaidi, wa rangi ya chungwa, wanaogelea kwa kurukaruka. Samaki anawaona upesi na anawala upesi. Asili ya Tigriopus ni vidimbwi vya kwenye miamba ya pwani, ambako jua hukausha maji na mvua huyazimua, ndiyo maana wanavumilia makosa ya mfugaji mgeni. Ukiweza kupata aina moja tu, chukua Tisbe.

Chombo ni ndoo ya lita kumi, nyeupe, ili uone kilichomo. Weka maji mapya ya chumvi yaliyochanganywa, kiwango kile kile cha tangini. Mpira wa hewa uachie mapovu makubwa, moja au mawili kwa sekunde, bila jiwe la hewa, lile la kutoa mapovu madogo. Chujio la mashine usiweke. Joto la nyuzi 22 hadi 26 linatosha.

Chakula chao ni maji ya kijani, yaani mwani mdogo sana unaoelea. Mimina mpaka maji ya ndoo yawe na rangi ya kijani hafifu, kisha acha. Usiongeze mpaka yawe maangavu tena. Hapa ndipo watu wengi wanapoua ndoo zao: wanaona wadudu ni wengi, wanawaonea huruma, wanamwaga chakula, mwani unaoza, amonia (sumu itokanayo na uozo) inapanda, asubuhi ndoo kimya. Mimi mwenyewe niliua mbili kwa huruma hiyo hiyo.

Maji ya kijani nayo unaweza kuyafuga kwenye chupa angavu, kwa mbegu (mwani kidogo wa kuanzia), mbolea yake, taa na hewa. Sharti moja tu: hudumia chupa za kijani kwanza, kopepodi baadaye, kila upande na mpira wake. Mwaka fulani nilitumia mpira mmoja kwa vyote viwili. Siku ya nne chupa yangu iliyokuwa kijani kama mchicha ilikuwa na rangi ya chai iliyozimuliwa, na ndani yake Tigriopus wanaruka kwa shibe.

Usivune kabla ya wiki tatu. Ukianza, pitisha robo ya maji kwenye kichujio chenye matundu ya mikroni 120 (milimita 0.12): wakubwa wanabaki, vitoto vinapita na unavirudisha ndooni. Suuza mavuno kwa maji safi ya chumvi, zima pampu na taa za tangi, uwamwage karibu na mawe usiku. Wakiingia mchana samaki atawafagia kabla hawajapata pa kujificha. Na kwenye kona moja lundika vipande vidogo vya mawe, nyufa ambazo mdomo wake haufiki. Ndoo ziwe mbili, moja ikiharibika usianze upya.

Sitakuficha: lita 120 kwa mandarini ni finyu, kwa hiyo usimwongezee mwenzake anayewinda chakula kile kile. Mtazame kutoka juu kila Jumapili. Ubavu ukijaa, uko sawa. Ukibonyea nyuma ya kichwa, ongeza mavuno siku hiyo hiyo. Akinenepa, changanya artemia hai na waliogandishwa. Baadhi hujifunza. Wangu mmoja amekataa mpaka leo.

SWALI: Mzee, maji ya kijani yananishinda. Naweza kulisha kopepodi chachu ya mkate?

JIBU: Tigriopus wataila, lakini inachafua maji haraka na haina mafuta ambayo samaki anayapata kupitia mwani. Ukilazimika, koroga kiasi cha kichwa cha kiberiti kwenye glasi ya maji, mimina nusu yake kwa lita kumi, urudie maji yakishakuwa maangavu tena. Siku ndoo ikitoa harufu ya yai bovu usiongeze kitu chochote: wachuje walio hai, wahamishie maji mapya, yale ya zamani mwaga.