Majibu ya vinasaba yakifika, msianze na ramani

Wengi mnaoingia kwenye kazi ya kutafuta nasaba kwa vinasaba mnafungua majibu na kukimbilia ramani ya asilimia, ile inayokadiria asili yenu ni ya sehemu zipi za dunia. Nawasihi muiache kwanza. Asilimia zile ni makadirio: sampuli hulinganishwa na za watu wa leo walio kwenye kanzidata, na kanzidata ikiongezwa watu, namba zako nazo hubadilika ilhali damu ni ileile.

Ndugu wamo kwenye orodha ya wanaofanana nawe kwa vinasaba. Hapo ndipo pa kukesha. Kufanana huko hupimwa kwa sentimogani, kipimo cha urefu wa vipande vya vinasaba mnavyoshiriki. Mzazi na mtoto hufikia takriban 3,400, watoto wa ndugu wawili kama 870. Ila namba peke yake haitaji undugu, na kosa linaloniuma hadi leo lilianzia hapo. Mwanamke mmoja alipata mtu wa karibu 1,750, nami nikamwambia bila kusita: huyu ni shangazi yako. Kumbe ni dada yake, baba mmoja. Kiwango hicho wanacho pia bibi na mjukuu. Ningetazama umri wao, uliopishana miaka michache tu, ningesita. Ningetazama kromosomu ya X, mojawapo ya nyuzi zinazobeba vinasaba, ningejua: baba humpa kila binti X yake nzima, kwa hiyo mabinti wa baba mmoja hufanana X hiyo mwanzo hadi mwisho. Ikabidi nimpigie simu mara ya pili, na habari ya pili ilikuwa nzito kuliko ya kwanza.

Ndiyo maana siku hizi namuuliza mtu kabla hajatoa mate: ukikuta baba si yule uliyemjua, utafanyaje? Akinyamaza, nasubiri.

Kromosomu ya Y hupita kwa baba na mwanawe wa kiume, na vinasaba vya mitokondria, sehemu ndogo ya seli, kwa mama na watoto wake. Zinafaa, lakini vizazi vitano nyuma una wazee 32, na mistari hiyo miwili inakuonyesha wawili tu.

Pimeni wazee mapema. Vinasaba vya babu hupungua kila kizazi, hata vitukuu wa ndugu wawili, takriban jozi 1 kati ya 10, hawaonyeshi kufanana kokote ingawa undugu wao ni wa kweli. Na siku ya kuchukua mate ya mzee, kaa naye. Muulize majina ya shangazi zake, nani alilelewa na nani, nani alihama akabadili jina. Andika palepale.